Kula na Kunywa Baada ya Kung'olewa Jino

Kazi ya kung'oa jino hospitalini aghalabu huchukua dakika chache tu. Ganzi ikishaingia, tabibu hulilegeza jino kwa vyombo vyake, akalitoa kwa koleo, kisha akaweka kipande cha shashi safi juu ya jeraha na kumtaka mgonjwa akiume. Hapo sehemu kubwa ya kazi ya tabibu imekwisha. Kazi iliyobaki, ambayo ni ya kuziba tundu na kujenga mfupa mpya, hufanywa na mwili wenyewe, nayo huchukua majuma na hata miezi. Hufanyika nyumbani, shuleni na kazini; na kila mara mgonjwa anapokula au kunywa, ama huisaidia kazi hiyo ama huivuruga.

Katika hospitali na vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki, kung'oa ndiyo tiba ya meno itolewayo kwa wingi, kwa kuwa wagonjwa wengi hufika wakati jino limekwisha kuoza kiasi cha kutoweza kuzibwa. Pamoja na hayo, maagizo apewayo mgonjwa wakati wa kuondoka huwa mafupi: asisukutue leo, asinywe chai ya moto, asitafunie upande ule. Maagizo hayo ni sahihi, lakini mtu asiyeelezwa sababu ya agizo hulisahau upesi. Wako wanaofika nyumbani na kusukutua kwa nguvu ili kuitoa damu waliyoidhania kuwa mbaya. Wako pia wanaoshinda na njaa siku mbili kwa kuliogopa jeraha. Wote hao hujidhuru bila ya kujua. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za maagizo hayo, nazo karibu zote zinarejea kwenye kitu kimoja: donge la damu lililomo ndani ya tundu.

Tundu na kizibo chake

Mzizi wa jino umekaa ndani ya mfupa wa taya, umeshikwa humo na nyuzi nyembamba zilizo imara. Jino linapong'olewa, nyuzi hizo hukatika, mishipa midogo ya damu hupasuka, na mfupa hubaki wazi. Jeraha la mkononi au mguuni huweza kufungwa bendeji na kuwekwa pakavu. Jeraha la kinywani haliwezi. Linalowa mate daima, kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Linazungukwa na bakteria wa aina nyingi. Tena chakula na kinywaji hupita juu yake kila siku. Mwili hauna budi kujitengenezea bendeji yake wenyewe, na bendeji hiyo ni damu iliyoganda.

Kuganda kwa damu hufanyika kwa hatua. Kwanza mishipa iliyopasuka hujikaza. Kisha chembe ndogo sana zilizomo katika damu, ziitwazo chembe sahani, hunata kwenye kingo za mshipa na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Hatimaye protini iitwayo faibrinojeni, ambayo kwa kawaida imeyeyuka katika damu, hugeuka kuwa nyuzi za faibrini. Kazi ya nyuzi hizo yaweza kulinganishwa na ile ya fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Udongo peke yake huporomoka, lakini ukikandikwa juu ya fito zilizofungwa vema husimama. Vivyo hivyo chembe za damu hushikwa na wavu wa faibrini, na donge likawa imara.

Donge hilo lina kazi tatu. Linazuia damu isiendelee kutoka. Linaufunika mfupa pamoja na ncha za mishipa ya fahamu zilizo wazi. Na linakuwa jukwaa ambalo chembe mpya za mwili hulipanda ili kujenga nyama na mfupa. Katika siku chache za mwanzo mishipa mipya myembamba huanza kuingia ndani yake, na baada ya juma moja hivi sehemu kubwa ya donge huwa imekwisha kugeuka kuwa nyama changa. Ufizi huendelea kulifunika tundu kwa majuma kadhaa, na mfupa mpya huendelea kujengwa na kupangwa upya kwa miezi mingi. Ndiyo maana siku tatu za kwanza zina uzito kuliko zote zinazofuata: katika siku hizo donge lipo, lakini bado halijashikwa na nyama.

Donge likitoweka

Mwaka 1896 tabibu wa meno aitwaye Crawford aliandika habari za hali ambayo tundu la jino huonekana tupu na kavu, bila ya donge, huku mgonjwa akiwa na maumivu makali. Hali hiyo imeitwa tundu kavu hadi leo. Kwa kawaida haianzi siku ile ya kung'olewa jino. Mgonjwa hupata nafuu kwanza, kisha baina ya siku ya pili na ya nne maumivu hurudi kwa ukali kuliko mwanzo, yakatambaa hadi sikioni, na kinywa kikatoa harufu mbaya. Katika ung'oaji wa kawaida hali hiyo huwapata wagonjwa wachache, kama 1 hadi 5 kwa kila 100. Lakini magego ya mwisho ya taya la chini yanapong'olewa, hasa kwa upasuaji, idadi hiyo hupanda sana.

Donge laweza kupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kung'oka kwa nguvu ya nje, kama vile kunyonya, kusukutua au kuchokonoa. Ya pili ni kuyeyuka kutoka ndani. Mwili unavyo vimeng'enya vya kuyeyusha faibrini, kwa kuwa donge lolote la damu hatimaye sharti liondolewe kazi yake ikiisha. Mwaka 1973 mtafiti Birn alieleza kwamba mfupa na nyama zilizoumia huweza kuviamsha vimeng'enya hivyo mapema mno, hata fito zikaoza kabla ya ukuta kukauka. Hivyo si kila mgonjwa apatwaye na tundu kavu amekosea masharti. Jino lililong'oka kwa taabu huacha hatari hiyo lenyewe. Mgonjwa hana uwezo juu ya taabu ya kung'oa, lakini anao uwezo juu ya yale ayafanyayo baadaye.

Saa za ganzi

Saa mbili hadi nne za kwanza, mdomo, shavu na pengine ulimi huwa havina fahamu. Dawa ya ganzi itumiwayo kwa wingi ni lignokaini, ambayo Nils Löfgren aliitengeneza nchini Uswidi mwaka 1943. Huizuia mishipa ya fahamu isipeleke habari kwenye ubongo. Mtu mwenye ganzi aweza kuuma mdomo wake hadi ukatoka damu, au kumeza chai inayounguza, asihisi lolote. Watoto ndio waliomo hatarini zaidi, kwani hupenda kuutafuna mdomo ulio na ganzi kama mchezo. Kwa sababu hiyo mgonjwa asile kitu cha kutafuna mpaka ganzi iishe kabisa.

Kuna jambo jingine lisilojulikana na wengi. Aghalabu lignokaini huchanganywa na adrenalini kidogo, ambayo huibana mishipa ya damu ili ganzi ikae kwa muda mrefu. Adrenalini ikiisha nguvu, mishipa hufunguka tena, na jeraha lililokuwa limetulia laweza kuanza kutoa damu saa chache baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Hilo likitokea haifai kuhangaika wala kusukutua. Akunje kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, akiweke juu ya tundu, akiume kwa nguvu ya wastani kwa muda wa dakika 20 hadi 30 bila ya kukitoatoa ili kuangalia, naye akae wima. Ikumbukwe kwamba tone moja la damu huweza kuyatia wekundu mate mengi. Mate yenye rangi ya waridi katika siku ya kwanza si ajabu.

Mrija, kutema na kanieneo

Katazo la kutumia mrija huwashangaza wanafunzi wengi, kwani kinywaji chenyewe hakina madhara. Madhara yamo katika kitendo cha kunyonya. Anayenyonya kwa mrija hupanua nafasi iliyomo kinywani mwake na kupunguza kanieneo ya hewa ndani yake. Kanieneo ya angahewa, ambayo ufukweni mwa bahari ni kama paskali 101,000, hubakia kama ilivyo juu ya kinywaji kilichomo katika bilauri, nayo ndiyo inayokisukuma kinywaji kupanda.

Kiasi cha upungufu huo chaweza kukokotolewa darasani. Ili kuyapandisha maji sentimita 20 ndani ya mrija, kanieneo ya kinywani sharti ipungue kwa kiasi kinacholingana na densiti ya maji, mara kani ya uvutano kwa kila kilo, mara kimo: yaani 1,000 mara 9.8 mara 0.2, ambayo ni paskali 1,960. Kinywaji kikiwa kizito, kama uji au mtindi, mnato wake hukawiza mwendo ndani ya mrija, na mnywaji hulazimika kunyonya kwa nguvu zaidi. Upungufu huo wa kanieneo hauishii kwenye mrija. Huenea kinywani kote, nao huweza kulivuta donge changa ambalo halijashika barabara.

Mwanafunzi akiielewa kanuni hiyo ataona mwenyewe makatazo mengine yaliyo ndugu zake. Kunyonya chungwa au kipande cha muwa, kufyonza mfupa wa nyama, kunyonya peremende, kulifyonza jeraha kwa ulimi ili kuonja kama bado lina damu, na kuvuta sigara, vyote hupunguza kanieneo ya kinywani. Kutema mate kwa kishindo nako humtaka mtu abane mashavu na kukitikisa kinywa. Siku ya kwanza mate yamezwe, au yaachwe yadondoke yenyewe katika beseni. Dafu laweza kunywewa, ila limiminwe kikombeni. Vinywaji vyote na vinywewe kwa kikombe, taratibu.

Joto, pombe na tumbaku

Chai na supu zinazotoa mvuke hupanua mishipa ya damu ya ufizi, na hivyo huweza kuanzisha upya utokaji wa damu. Saa 24 za kwanza vyakula na vinywaji viwe baridi au vuguvugu. Kipimo rahisi ni kudondosha kidogo upande wa ndani wa kiganja: kisipohisiwa kuwa cha moto hapo, chafaa. Vitu baridi, kama maji yaliyotoka mtungini au maziwa ya mtindi, huleta pia nafuu ya maumivu.

Pombe iepukwe kabisa katika siku ya kwanza, na ni bora kuiacha mpaka dawa zote zilizotolewa ziishe. Humfanya mgonjwa azembee masharti, na haipatani na baadhi ya dawa. Mgonjwa aliyepewa metronidazoli ni lazima aulize hospitalini kabla ya kuonja pombe ya aina yoyote, ya kiwandani au ya kienyeji.

Tumbaku ina makosa mawili kwa pamoja. Kuivuta ni kunyonya, na nikotini iliyomo huibana mishipa ambayo ndiyo njia ya kupeleka oksijeni kwenye jeraha. Uchunguzi wa mara nyingi umeonyesha kwamba wavutaji hupata tundu kavu zaidi kuliko wasiovuta. Ugoro, tumbaku ya kutafuna, tambuu na mirungi havina salama zaidi. Vipande vyake huingia ndani ya tundu, na taya hutafuna kwa saa nyingi wakati linapotakiwa kupumzika.

Chakula cha siku za mwanzo

Kutokula si dawa. Chembe zinazojenga nyama mpya zinahitaji nguvu, protini na vitamini. Vitamini C ina sehemu yake ya pekee, kwa kuwa bila ya hiyo mwili hauwezi kutengeneza vizuri kolajeni, ambayo ndiyo kamba ya nyama zote zinazounganisha mwili. Mabaharia wa zamani waliokosa matunda na mboga kwa miezi mingi walivimba fizi, na hata majeraha yao ya zamani yaliweza kufunguka. Mwaka 1747 tabibu James Lind wa jeshi la majini la Uingereza alionyesha kwamba machungwa na malimau huwaponya. Mgonjwa wa jino hana haja ya ndimu, ambayo asidi yake huchoma jeraha; papai na embe zilizoiva zina vitamini hiyo kwa wingi na ni laini.

Siku ya kwanza, ganzi ikishakwisha, yafaa chakula kisichohitaji kutafunwa: uji uliopoa, maziwa, mtindi, parachichi, ndizi mbivu, papai lililopondwa, au mtori uliopoa. Siku ya pili na ya tatu aweza kuongeza viazi vilivyopondwa, wali uliopikwa bokoboko, ugali laini kwa mchuzi usio na pilipili, mayai yaliyochemshwa kidogo, maharage yaliyopondwa, na samaki aliyeondolewa miiba. Atafunie upande mwingine. Baada ya hapo chakula cha kawaida kirudishwe polepole kwa kufuata maumivu: kinachouma kiahirishwe. Wengi huweza kula karibu kama kawaida baada ya juma moja, ingawa upande wa tundu huhitaji muda zaidi.

Vya kuepuka katika juma la kwanza ni vile vigumu, vyenye makali, na vyenye punje ndogo. Bisi, karanga, kashata, mahindi ya kuchoma, korosho na mihogo mikavu huweza kulichoma donge au kukwama tunduni. Mbegu za pera na ufuta ni ndogo kiasi cha kujificha humo zikawa chakula cha bakteria. Kitu kikiingia, kisichokonolewe kwa kijiti, sindano wala kidole. Baada ya siku ya kwanza maji ya chumvi yatakitoa.

Maji ya chumvi

Kusukutua kwa chumvi ni ushauri mwema unaoharibiwa na haraka. Katika saa 24 za kwanza hakufai, kwani huosha donge lenyewe. Kuanzia siku ya pili, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji vuguvugu yaliyochemshwa chatosha, kila baada ya mlo na kabla ya kulala. Nusu kijiko ni kama gramu 3, na kikombe ni kama mililita 250. Mchanganyiko huo una karibu gramu 12 za chumvi kwa lita, wakati maji ya chumvi yanayolingana na damu huwa na gramu 9. Basi tofauti ni ndogo, na chembe za mwili hazipotezi maji mengi kwa osmosisi. Anayetia vijiko vitatu kwa kudhani kwamba ukali ndio uponyaji hujikausha ufizi bure. Kazi ya maji hayo si kuwaua bakteria wote, bali ni kuyaondoa mabaki ya chakula kwa upole. Mgonjwa akishike kinywani, ainamishe kichwa huku na huku, kisha ayaache yamwagike yenyewe.

Meno mengine yapigwe mswaki kama desturi, kwa uangalifu karibu na tundu, kwa sababu kinywa kichafu ni jirani mbaya wa jeraha.

Dawa, na wagonjwa wa pekee

Aspirini huzuia chembe sahani zisishikamane, na chembe iliyokwisha kuguswa nayo hairejewi na uwezo huo maisha yake yote, ambayo ni siku 7 hadi 10. Basi anayetaka kutuliza maumivu asiitumie bila ya idhini. Parasetamoli, kwa kipimo alichopewa, hufaa zaidi. Kuweka aspirini juu ya ufizi ni kosa jingine, kwani asidi yake huunguza. Lakini mgonjwa aliyeandikiwa aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande kwa ajili ya moyo asiziache kwa hiari yake, kwa kuwa donge ndani ya moyo au ubongo ni hatari kuliko damu ya jino. Amweleze tabibu kabla ya kung'olewa.

Mwenye kisukari atumiaye insulini haruhusiwi kushinda na njaa huku akijidunga kipimo kilekile; sukari ya damu huweza kushuka hata akazimia. Aandaliwe uji na maziwa mapema, na aulize kuhusu kipimo. Mwenye selimundu asikose maji, kwani upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu ya ugonjwa wake. Mwenye hemofilia, au mtu ambaye jamaa zake hutokwa damu kupita kiasi, aseme kabla tabibu hajashika koleo.

Dalili za kurudi hospitali

Maumivu na uvimbe kidogo wa siku mbili au tatu ni vya kawaida. Mgonjwa arudi hospitali ikiwa damu haikomi baada ya kuuma kitambaa mara mbili kwa muda uliotajwa, ikiwa maumivu yanaongezeka badala ya kupungua kuanzia siku ya pili, au ikiwa pana homa na usaha. Tundu kavu hutibiwa kwa kusafishwa na kuwekwa dawa, na nafuu huja upesi. Hakuna haja ya kuvumilia juma zima.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: kushindwa kufungua kinywa, kushindwa kumeza hata mate, ulimi kuinuliwa juu, uvimbe mgumu chini ya taya na shingoni, au taabu ya kupumua. Hizo ni dalili za maambukizo yanayoenea shingoni, ambayo tabibu Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliyaeleza mwaka 1836. Yaweza kuiziba njia ya hewa kwa muda mfupi. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe chakula wala kinywaji kwa nguvu. Apelekwe hospitali usiku uleule.

Katika hayo yote, mwanafunzi hana haja ya kukariri orodha ndefu ya makatazo. Akikutana na chakula au kinywaji kisichotajwa hapa, ajiulize maswali manne: Je, kitanilazimu kunyonya? Je, ni cha moto? Je, kina makali au punje? Je, kitachoma jeraha? Likikosekana jibu la ndiyo, basi ale ashibe, kwani donge linalolindwa bila ya kulishwa mwili haliwezi kugeuka nyama.